Masika ya Kufunga Mdomo

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na Anti Winfrida, afisa wangu. Ndiyo, nina afisa wangu. Wenzangu wa hapa kijijini Mkuyuni wana mbuzi na mafenesi, mimi serikali imenipa mtu mzima mwenye begi. Kaniambia niandike chochote, yeye hatasoma. Haya. Jina Maneno. Umri kumi na sita. Elimu kidato cha pili, niliingia kwa mlango nikatokea dirishani.

Kosa langu ni pikipiki. Mwezi wa kwanza Abeid alifiwa na mjomba wake, tukaenda msibani kama watani. Ukoo wa mama yangu na ukoo wao ni watani toka enzi za mababu. Wakifiwa wao, kaburi tunachimba sisi, tunawatania mpaka wacheke na machozi yao, tunateka kitu chochote cha pale nyumbani, nao wanakikomboa kwa kuku. Tukifiwa sisi, wanatufanyia hivyohivyo. Wenzangu siku ile waliteka sufuria na jembe. Mimi si mtu wa sufuria. Nikateka pikipiki ya Abeid.

Ilitakiwa niifiche nyuma ya nyumba. Nikaona ni uchoyo, uzuri wote ule ukae nyuma ya nyumba. Nikaenda nayo hadi sokoni wanione. Wakaniona. Wakati wa kurudi nikateleza darajani, mimi nikabaki juu, pikipiki ikaenda mtoni, ikaopolewa imevunjika. Abeid ni bodaboda wa Morogoro mjini, ile ndiyo jembe lake. Akasema, "Mimi sijui utani, najua pikipiki." Akaenda polisi.

Mahakama ya watoto imeniweka chini ya uangalizi mpaka masika yaishe. Nisiguse pikipiki. Jua likizama niwe nyumbani. Kila Alhamisi niripoti kwa Anti. Na nipatane na kina Abeid kikaoni, wao wenyewe waseme wameridhika. Nikishindwa, ni shule ya maadilisho, Mbeya. Mama akisikia neno Mbeya anasukuma sahani pembeni.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimegundua jambo. Anti Winfrida naye yuko kwenye mtihani.

"Kumbe bado hujawa afisa?" nikamuuliza.

"Chuo nimemaliza. Maandishi nimefaulu. Lakini cheti cha kusimamia watoto hawakupi kwa kukaa darasani. Unamfuata mtoto mmoja toka hukumu mpaka mwisho, mkufunzi anakuangalia unavyofanya."

"Na mtoto akiharibu?"

"Mwaka jana nilipewa mtoto, akakimbia. Nimerudia yote upya."

"Kwa hiyo mwaka huu mwalimu wako ni mimi."

"Kaa vizuri kwenye kiti, mwalimu."

Ana miaka kama ishirini na sita hivi, katoka Karagwe, akitembea kwenye udongo wetu mwekundu utadhani anakanyaga mayai. Nimempenda kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo umeanza. Mvua nayo. Nimempitia mjomba Pazi shambani, nikamwambia "Shikamoo mjomba." Kimya. Hajaniitikia toka siku ya pikipiki. Anapalilia kama mimi ni mti.

Alhamisi, 14 Machi

Anti kanifundisha namna ya kukaa kikaoni. Mikono magotini. Macho kwa anayeongea. Mdomo umefungwa.

"Mdomo wako ndio utakaokupeleka Mbeya," kasema. "Siyo pikipiki."

"Anti, mdomo wangu ndio kipaji changu."

"Kipaji kikae kimya mpaka mwezi wa sita."

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Abeid kapita na pikipiki ya kukodi, akapunguza mwendo mbele ya nyumba, akapiga resi mara tatu, akaondoka. Mama alikuwa anachambua mchicha, akauchambua mpaka majani yakaisha na yeye bado anachambua.

Alhamisi, 21 Machi

Anti kaja na swali. "Kikaoni anakaa mzazi au mlezi. Kwenu anayesema kwa niaba yako ni nani?"

Hapa niandike polepole. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye mtoto ni mjomba. Baba anaheshimiwa, anaalikwa, anakula, lakini likija jambo la mtoto anauliza, "Mjomba wake kasemaje?" Hilo hata kuku wa hapa wanalijua. Anti hajui, kwao Karagwe baba ndiye mwamba wa nyumba.

Na mimi akilini nikamwona mjomba Pazi alivyo, uso kama jiwe la kusagia. Halafu nikamwona baba yangu, mzee Mosi, anayeishi Mlali na familia yake nyingine, mtu laini, ukimkanyaga anakuomba radhi. Nikajibu, "Baba."

"Ana kauli?"

"Anti, baba ni baba."

Akaandika. Mimi ni mjanja kuliko sungura.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Nimekula pilau kwa majirani wote, hata wasiotukaribisha. Shikamoo mjomba: kimya. Hata siku ya Idd.

Jumatatu, 15 Aprili

Mto umepanda. Migomba ya bondeni imelala chini. Watu wanasema mlima umeanza kutoa sauti, kama unataka kuporomoka. Sijasikia, ila nimelala na viatu.

Jumamosi, 20 Aprili

Kikao kimekuwepo na kimekufa.

Kilifanyika ofisi ya kijiji. Baba alitoka Mlali na shati limepigwa pasi, kaloa mpaka kiunoni. Upande wa pili walikaa Abeid na bibi yake, Bibi Semeni, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao. Ni mwembamba kama fito, lakini akikohoa wanaume wanaacha kuongea. Anti akafungua kikao vizuri sana, kama redio. Akasema, "Sasa tumsikie mwenye mtoto." Baba akasimama, akakohoa, akasema, "Mimi kama baba wa kijana huyu..."

Bibi Semeni akamkata. "Mosi, karibu. Mkeo mzima huko Mlali?"

"Mzima, mama."

"Kunde zimetoka?"

"Zimetoka."

"Vizuri. Sasa mwenye mtoto yuko wapi?"

Mvua ikapiga bati. Anti akageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia magoti, kama nilivyofundishwa.

Bibi Semeni akainuka. "Afisa, sikulaumu, wewe ni mgeni. Lakini hawa wanatujua. Wametuletea mtu wa kupita, ili kesho mjomba wake aseme hakuwepo. Hiyo ni dharau ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya pikipiki." Akatoka kwenye mvua bila mwamvuli, Abeid nyuma yake. Mlangoni Abeid akageuka. "Mbeya kuna baridi, dogo. Nunua sweta."

Baba akaniomba radhi. Nilijua ataniomba.

Anti alingoja watu waishe.

"Uliniambia baba."

"Kwenu si ni baba?"

"Nilikuuliza habari za kwenu, Maneno."

Nilikuwa na utani hapo, mzuri tu. Haukutoka. Akaniambia kimebaki kikao kimoja, tarehe kumi na nane mwezi wa tano, na Mkufunzi Gervas, anayempima yeye, atakuja mwenyewe kukaa ndani. Kikivunjika na hicho, ripoti inakwenda mahakamani bila mapatano. Hakufoka. Bora angefoka.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 25 Aprili

Anti kapanda kwa mjomba peke yake. Mama kanisimulia, yeye alikuwa kwenye mihogo jirani. Anti kafika na viatu mkononi, matope mpaka magotini, akapiga goti kabisa, "Shikamoo mzee." Mjomba akaitika. Mtu wa Karagwe anaitikiwa, mimi damu yake siitikiwi. Halafu mjomba akaendelea kulima. Anti akakaa juu ya gogo mvua inamnyeshea, akangoja mpaka tuta likaisha. Ndipo mjomba akamuuliza, "Chuoni mlifundishwa nini?"

"Tulifundishwa kusikiliza."

"Hukusikiliza."

"Sikusikiliza, mzee. Niliandika tu."

Mjomba akamwambia, "Kijana aje mwenyewe. Aje na mdomo mtupu, bila vichekesho."

Jumapili, 28 Aprili

Nimekwenda. Njiani nimejifunza maneno mazuri ya kusema, marefu, yenye methali. Nilipofika yote yakanikimbia. Mjomba alikuwa anafunga kamba kwenye migomba ili upepo usiiangushe.

"Shikamoo mjomba."

Kimya. Akanirushia kamba. Nikashika mgomba, yeye akafunga. Tukaenda mgomba wa pili. Wa tatu.

Mwishowe nikasema, "Mjomba, nilimdanganya afisa. Nilimwambia baba ndiye mwenye kauli, kwa sababu wewe nakuogopa. Naomba uje kikaoni. Usipokuja nakwenda Mbeya."

Akakaza fundo.

"Siku ile msibani," akasema, "nilikuona unaishika ile pikipiki. Nikacheka. Nikajiambia, huyu kijana wa dada yangu ana moyo. Unajua utani unaishia wapi?"

"Hapana."

"Unaishia pale mwenye kitu asipoweza tena kukipata. Ungeiweka nyuma ya nyumba, ningepokea kuku nikijisifu. Wewe ukavuka daraja. Ulivyovuka daraja ukanivua nguo mbele ya watani zangu."

Tukamaliza migomba. Nilipoaga hakuitikia, lakini akasema, "Kamba iliyobaki mpelekee mama yako."

Jumamosi, 4 Mei

Mvua ya siku tatu. Barabara ya Morogoro imekatika kwenye kona. Abeid hakupita wiki hii. Nimejikuta naisikiliza sauti ya pikipiki, ili nijue bado ana hasira au zimemwisha.

Alhamisi, 9 Mei

Anti kanieleza kitakachomwangusha mtihani. "Mtu yeyote akikudhalilisha kikaoni, kwa matusi au kwa mkono, nasimama, natamka kwamba kikao kimesimama, nakutoa nje. Hapo hapo. Ndilo jambo la kwanza Mkufunzi Gervas analoangalia. Mwaka jana wenzangu wawili walichelewa kusimama, wakaanguka."

"Hata wakinitania?"

"Akikudhalilisha, nimesema."

Nikataka kumweleza utani wetu ulivyo. Nikakumbuka mdomo umefungwa mpaka mwezi wa sita. Nikafunga.

Alhamisi, 16 Mei

Barabara imefunguliwa, magari yanapita moja moja. Mama kaniwekea shati kwenye sanduku na kipande cha sabuni ndani yake. Siyo kwa ajili ya kikao. Lile la kikao liko kwenye kamba. Hili ni la safari.

Jumamosi, 18 Mei

Nitaandika yote.

Mkufunzi Gervas alikaa kona, mtu mnene mwenye miwani, kalamu mkononi. Alisema tumchukulie hayupo. Mtu wa ukubwa ule. Mimi nilikaa katikati ya mama na mjomba Pazi. Mjomba kavaa kanzu na koti, kuku mwekundu kafungwa miguu chini ya kiti. Mbele yetu Abeid na Bibi Semeni. Anti kasimama na karatasi yake.

"Tumsikie mwenye mtoto," akasema, na safari hii alimtazama mjomba.

Mjomba akasimama. "Mtoto ni wangu. Alipovuka lile daraja, nimevuka mimi. Kuku huyu ni wa kuteka kulikopita mpaka, leo tunatoa sisi. Uharibifu ni jambo lingine, karafuu zangu za msimu huu zitakwenda kwa fundi wa Abeid mpaka pikipiki itembee tena. Na mikono ya kijana mtaitumia kwenye mpunga wenu. Nimemaliza."

Abeid akasema, "Mzee Pazi, nakuheshimu. Lakini miezi yote hii nakodi pikipiki ya mtu, jioni natoa hesabu, nyumbani naingia mikono mitupu. Karafuu hazinirudishii hiyo. Na huyu hajawahi hata kuinamisha kichwa. Kila nikipita namwona kakaa barazani kama mwenyekiti."

Kumbe ndivyo alivyoniona. Nilikuwa nakaa pale kwa sababu niliogopa kuinuka.

Zamu ikawa ya Bibi Semeni. Akauliza, polepole, "Huyu tumwite nani? Mtani au mwizi? Mimi nataka kujua, maana mwizi ana mahali pake na mtani ana mahali pake."

Akainuka, akatoka nje. Tukadhani anaondoka kama siku ile, mama akashika mkono wangu. Lakini Bibi aliinama kwenye mfereji chini ya bati, akarudi na kiganja kimejaa matope. Akaja moja kwa moja. Akanipaka usoni. Paji, mashavu, mpaka kwenye meno.

"Tazameni," akasema. "Nyani wa msitu wa Kimboza. Hata nyani wamemfukuza, anaendesha vibaya."

Hakuna aliyecheka.

Nikasikia kiti cha Mkufunzi Gervas kinalia. Anti alikuwa kashaegemea meza kwa mikono miwili, tayari kutamka. Nilimwona kwa jicho moja, la pili lina matope. Na mimi nimekaa, mikono magotini, macho kwa anayeongea, mdomo umefungwa, mwanafunzi bora. Bibi Semeni anaangalia mdomo wangu. Mjomba anaangalia mdomo wangu. Mama naye.

Kwetu mtu asiye mtani akipakwa matope, ananyamaza au anapigana. Mtani anajibu. Kila pumzi niliyokaa kimya nilikuwa nageuka mwizi, na nilikuwa nanyamaza kwa sababu nimefundishwa.

Anti akafungua kinywa. Akamtazama mjomba. Mjomba hakumpa ishara yoyote, aliendelea tu kunitazama mimi, kama mtu anayengoja maji yachemke. Anti akakaa. Alikaa polepole, kama anaweka kitu kizito chini, na Mkufunzi Gervas akaandika.

"Maneno," Anti akasema. "Ukitaka kujibu, jibu."

Nikameza matope. Nikasema, "Bibi, asante kwa poda. Ila ungebakiza kidogo. Siku utakayokufa, kaburi nachimba mimi, na mimi ni mvivu. Nitalichimba fupi, miguu ibaki nje uote jua. Na huko hatukupeleki kwa jeneza. Unapanda pikipiki ya Abeid, unakaa nyuma, unamkumbatia mjukuu wako kiunoni. Yeye ndiye anaendesha, mimi nimekatazwa."

Mvua ilikuwa imepungua, nikasikia kuku anakwaruza sakafu.

Nikaona bega la Bibi Semeni linapanda na kushuka. Halafu la pili. Akacheka kwa mabega kwanza, bila sauti, mpaka akashika ukuta. "Miguu nje," akasema. "Pazi, umesikia? Miguu nje."

Akamgeukia Abeid, kicheko kimekwisha ghafla. "Mwizi hanichimbii kaburi. Huyu atanichimbia, kasema mbele ya serikali. Mchukue kuku."

Abeid hakumgusa kuku. Alinitazama sana. Ndipo nikateremka kwenye kiti, sikuambiwa na mtu, nikapiga goti, nikainamisha kichwa, nikasema, "Kaka Abeid, jembe lako nililivunja. Nisamehe." Sikuongeza kitu. Kulikuwa na cha kuongeza, nilikimeza pamoja na matope.

"Kesho kutwa shambani," akasema Abeid. "Uje na jembe lako." Akamchukua kuku.

Nje, Mkufunzi Gervas akaniita chini ya ukingo wa paa. Akanipa kitambaa chake nifute uso.

"Ulipopakwa matope, afisa wako hakusimama. Alikuwa na wajibu wa kusimama. Je, ulijisikia umeachwa?"

Nilijua swali lile siyo langu, ni la kwake Anti. Nikamwambia, "Mkufunzi, angesimama yeye, mimi ningetoka humu mwizi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mjomba alikuwa mbele njiani. Nikamkimbilia. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akasema. "Kanawe."

Jumatatu, 20 Mei

Nimepalilia mpunga wa Bibi Semeni. Kanipa chakula kwenye sahani ya mbwa, iliyooshwa. Nikala chote nikaomba mfupa.

Ijumaa, 31 Mei

Nimeachiwa. Mahakamani ilikuwa fupi kuliko dua ya mwenye njaa. Mama kalitoa shati sandukuni, lina harufu ya sabuni hata nguruwe mwitu wangenikimbia.

Anti hakupata cheti. Kaniambia mwenyewe, tukiwa tunangoja gari. Mengine yote kafaulu, ila sehemu ya kumlinda mtoto anarudia, kwa mtoto mwingine.

"Kwani Mkufunzi hakuelewa?"

"Kaelewa. Kaniambia karatasi ya mtihani haina mahali pa kuandika kuelewa. Ila kasema ataomba waiongeze."

"Anti, ningekaa kimya ungefaulu?"

"Ningesimama ningefaulu. Wewe ungekuwa unafunga mizigo." Akapangusa viatu kwa jani, vikazidi kuchafuka. "Huyo mpya yuko Mlali. Nimeshauliza mjomba wake ni nani."

Nilikuwa na utani wa kumuaga, nimeuandaa toka juzi, wa ndizi za Karagwe. Nikamwambia tu, "Shikamoo." Akacheka. Hajazoea kuisikia ikitoka kwangu bila mkia wa utani.

Jumapili, 2 Juni

Jua. Milima imeonekana yote hadi juu, kama imenawa.

Abeid kaja na pikipiki yake mwenyewe, uma wa mbele mpya, taa mpya, tangi bado lina mkwaruzo wangu. Kasema kapita kumsalimia mama. Mama akamkaribisha uji. Akaingia ndani, akaniacha barazani.

Ufunguo kauacha palepale kwenye pikipiki, unaning'inia, unang'aa. Uangalizi umekwisha, hakuna sheria inayonikataza. Mtani mshenzi, anajua anachofanya. Nikakunja mikono, nikakalia vidole, nikamsikiliza anavyokoroga uji kwa makusudi, kijiko hadi kijiko, mpaka bakuli likaisha.